Mbegu Isiyotutupa Mwaka wa Mvua Mbaya

Mkulima akiona mbegu mpya sokoni, swali lake la kwanza huwa hili: "Yazaa magunia mangapi?" Swali hilo si baya, lakini halitoshi. Liko swali la pili, ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo linalolisha watoto: "Je, msimu mvua ikiharibika, itanipa nini?" Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya swali hilo la pili. Mfano wetu utakuwa maharagwe, kwa maana katika nyumba za Butembo na Beni hapana chungu kisichoyajua.

Nchi moja, hewa mbili

Kwanza tutazame mahali petu. Butembo imekaa juu ya milima, mita 1,700 na zaidi toka usawa wa bahari, karibu sana na mstari wa ikweta. Ukishika njia ya kaskazini kiasi cha kilomita 50 na kitu, wafika Beni, ambayo iko kati ya mita 1,000 na 1,200 tu. Safari si ndefu, lakini hewa ni nyingine. Kule Butembo, na zaidi katika milima ya Lubero, asubuhi kuna ukungu na baridi. Huko hustawi viazi, kabichi na hata ngano. Kule Beni jua lina nguvu zaidi. Huko twaona mpunga, ndizi, michikichi na kakao. Maharagwe hulimwa pande zote mbili, lakini adui zake upande huu si wale wa upande ule.

Tena sisi hatuna mifereji ya kumwagilia mashamba. Mfereji wetu ni wingu. Twapanda mara mbili kwa mwaka: msimu wa kwanza tangu Septemba, na msimu wa pili tangu Februari au Machi. Mvua ikija vizuri, twafurahi. Lakini maharagwe ni mmea wa miezi mitatu hivi, au minne kwa yale yapandayo juu ya miti, na katika muda huo mfupi hatari ni nyingi. Jua likikaza wakati wa maua, maua huanguka wala hayafanyi maganda. Mvua ikizidi, mizizi huoza na majani huingia madoa. Mvua ikiendelea wakati wa kuvuna, punje huota ndani ya maganda kabla hujazileta nyumbani. Watu wengi hufikiri kwamba mvua mbaya ni mvua haba tu. Katika milima yetu mara nyingi ni kinyume: mvua nyingi mno huharibu maharagwe kuliko ukavu.

Hesabu ya nyumbani

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ni hesabu ya mfano tu, wala si kipimo cha shamba la mtu.

Tuseme jamaa moja yataka kilo 20 za maharagwe kila msimu toka kishamba chake, ili ipate kula na kuweka mbegu. Aina ya kwanza ya mbegu yatoa kilo 60 msimu mwema, kisha 10 msimu mbaya, kisha 50, kisha 8. Jumla ni kilo 128. Ukigawanya kwa misimu minne, wapata 32. Aina ya pili yatoa 34, kisha 26, kisha 32, kisha 24. Jumla ni 116. Ukigawanya, wapata 29.

Mfanya biashara atasema: "Ya kwanza ndiyo bora, maana 32 yapita 29." Lakini muulizeni mama wa nyumba. Yeye atasema kwamba kwa aina ya kwanza amelala njaa misimu miwili, na katika misimu hiyo miwili amekula hata mbegu. Kwa aina ya pili hakupungukiwa hata msimu mmoja. Tofauti ya kilo tatu katika wastani ni ndogo. Tofauti ya kuwa na mbegu au kutokuwa nayo ni kubwa kama mlima.

Lakini tusije tukapotea upande wa pili. Kama iko aina ya tatu itoayo kilo 12 kila msimu, mvua njema au mbaya, hiyo nayo haitikisiki. Lakini hiyo ni kudumu katika ufukara, wala si sifa. Mbegu tunayoitafuta ni ile ambayo msimu mbaya haituachi chini ya mahitaji yetu, na msimu mwema hailali usingizi.

Wataalamu walivyopima

Jambo hili wenye elimu ya kilimo wamelipima kwa namba. Mwaka 1963, katika nchi ya Australia, K. W. Finlay na G. N. Wilkinson walitangaza kazi yao juu ya aina 277 za shayiri, zilizopandwa mahali mbalimbali kwa misimu kadha. Njia yao ni rahisi kueleweka. Kwa kila mahali na kila msimu walitafuta wastani wa aina zote pamoja. Wastani huo ukawa kipimo cha wema wa mahali pale. Kisha wakatazama kila aina peke yake na kuuliza: Mahali pakizidi kuwa pema, je, aina hii yaongeza mazao sawasawa na wenzake, au zaidi, au kidogo?

Aina iongezayo zaidi ya wenzake ni kama mtu wa sikukuu: kwenye karamu yupo, kwenye msiba humwoni. Aina iongezayo kidogo yavumilia shida, lakini ukiipa mbolea haikushukuru. Na aina ambayo wastani wake uko juu, tena yakwenda pamoja na wenzake, hiyo yafaa mahali pengi. Mwaka 1966 huko Marekani, S. A. Eberhart na W. A. Russell, wakifanya kazi na mahindi, wakaongeza swali moja: Je, aina hii yafuata mwenendo wake kwa uaminifu, au yarukaruka hata hatuwezi kuitabiri? Tangu hapo wataalamu wa mimea duniani kote hutumia maswali hayo, kwa ngano, kwa mpunga, kwa haradali na kwa maharagwe vilevile.

Twaona basi kwamba jaribio la msimu mmoja ni ushuhuda wa mtu mmoja. Na jaribio la mahali pamoja halisemi neno juu ya mahali pengine.

Fundisho toka kwa jirani

Tazameni yaliyowapata jirani zetu wa Kenya ya magharibi, pande za Kakamega na Vihiga. Watu wa huko walipenda sana maharagwe yaitwayo Rosecoco, ambayo wataalamu huyaita GLP 2. Yalikuwa mazuri kwa macho, matamu kinywani, na soko lilikuwapo. Lakini watu walikuwa wengi na mashamba madogo. Maharagwe yakapandwa msimu baada ya msimu katika udongo ule ule, na udongo ukachoka. Mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 ugonjwa wa kuoza mizizi ukaingia kwa nguvu. Miche ilichipua, ikawa ya manjano, ikafa. Jamaa nyingi ziliacha kulima maharagwe kabisa. Baadaye zikaletwa aina zivumiliazo ugonjwa huo, kama KK 8 na KK 15, na maharagwe yakarudi.

Kosa halikuwa katika Rosecoco yenyewe. Hatari ilikuwa kuweka mayai yote chini ya kuku mmoja.

Hekima ya mchanganyiko

Wazee wetu walijua dawa ya hatari hiyo, ingawa hawakuiandika kwa namba. Katika nchi zote za maziwa makuu, Kivu, Rwanda na Burundi, watu walipanda maharagwe ya rangi nyingi pamoja katika shamba moja: mekundu, meupe, ya manjano, meusi, yenye madoa. Huko Rwanda mchanganyiko wa nyumba moja uliweza kuwa na aina 20. Wageni wengine waliuona mchanganyiko huo kuwa uvivu au uchafu. Sivyo. Mvua ikizidi, aina hizi huugua na zile husimama. Jua likizidi, zile huanguka na hizi huzaa. Tena ugonjwa wa majani hauendi mbio, maana jirani wa mmea mgonjwa si ndugu yake wa damu moja. Kila msimu shamba lenyewe lilichagua, na mama akasahihisha uchaguzi ule kwa mkono wake alipotenga mbegu.

Hekima hiyo ya kina mama ilipata kujaribiwa. Tangu mwaka 1988, huko Rubona katika Rwanda, mtafiti Louise Sperling pamoja na wenzake waliwaita wakulima wanawake waliosifika kwa kujua maharagwe, waingie katika mashamba ya kituo cha utafiti na kuchagua wenyewe aina ambazo wangependa kupeleka nyumbani. Wakachagua. Aina zile zilipopandwa vijijini, zilishinda mchanganyiko wa kienyeji mara nyingi zaidi kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu peke yao. Sababu ni nini? Mtaalamu alitazama zaidi wingi wa mazao. Mama alitazama hayo, lakini pia alikumbuka kivuli cha migomba yake, udongo wake uliochoka, na mvua ya mtelemko wake.

Mchanganyiko nao una udhaifu wake. Wanunuzi wa mjini wataka rangi moja, na punje za aina mbalimbali haziivi pamoja chunguni. Kwa hiyo siku hizi wengi wameuacha. Ushauri wetu ni huu: anayetaka kuuza rangi moja, na apande rangi moja katika sehemu ya shamba, lakini asiache kuwa na aina tatu au nne nyumbani mwake, kila moja katika kipande chake.

Yapandayo na yasiyopanda

Iko tofauti nyingine itupasayo kuijua. Maharagwe yapandayo juu ya miti yaweza kuzaa mara mbili hata tatu kuliko yale mafupi, katika eneo lile lile. Katika milima ya Rwanda yalienea sana tangu miaka ya 1980, na kwetu pia, Butembo na Lubero, baridi na unyevu vyayafaa. Kwa kuwa majani na maganda yake hukaa juu hewani, hukauka upesi baada ya mvua na hayaguswi na matope. Lakini hudai miti ya kupandia, na miti ni fedha. Anayekata msitu ili apate miti ya maharagwe aharibu kesho yake. Matete na matawi ya mikaratusi yaliyopandwa kandokando ya shamba hutosha.

Kule chini Beni, mengi ya aina hizo za milimani hayapendi joto. Hurefuka, hufanya majani, na maganda huwa machache. Huko maharagwe mafupi huwa rafiki wa kweli zaidi. Walakini wataalamu wametafuta pia aina zipandazo ambazo huvumilia nchi ya wastani. Mojawapo, MAC 44, ilitolewa Rwanda mwaka 2010. Kwa hiyo ukinunua mbegu katika soko la Butembo ukaipeleke Beni, au la Beni ukaipeleke Butembo, muulize mwuzaji kwanza: "Mbegu hii imezaliwa wapi?" Asipojua, panda kidogo tu.

Aina mpya tunazo karibu. Kituo cha INERA cha Mulungu, karibu na Bukavu, kimefanya kazi ya maharagwe kwa miaka mingi. Aina zenye majina yanayofanana na namba za magari, kama HM 21-7, RWR 2245 na CODMLB 001, zimetangazwa katika Kongo kwa kuwa zina madini ya chuma mengi, yafaayo damu ya watoto na ya mama wajawazito. Huduma ya serikali iitwayo SENASEM ndiyo yenye kazi ya kukagua mbegu na kuzithibitisha. Na huko Butembo kwenyewe, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, chafundisha vijana ukulima. Tusiogope vitu hivi vipya, lakini tusivipokee macho yamefumbwa.

Mvua mbaya isiyotoka mawinguni

Ndugu wasomaji, tungekuwa wanafiki kama tungesema juu ya mvua tu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa kwa mamia na kwa maelfu, wengi wao mashambani. Tangu Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 2024 vita vilipanda toka kusini mpaka Kanyabayonga na mbele yake, na jamaa nyingi zikakimbilia Lubero na Butembo. Vitabu vya ukulima hupima mbegu katika shamba lililopaliliwa kwa siku yake. Lakini mama ambaye shamba lake liko mbali, naye aogopa kwenda, hawezi kupalilia kwa siku yake.

Kwa mama huyo mbegu iliyo thabiti ni nyingine. Ni ile iivayo upesi, ili asingoje sana. Ni ile ifunikayo ardhi mapema, ili magugu yasiishinde akikosa palizi moja. Ni ile isiyodai miti, maana aliyekimbia hana miti, naye apanda katika kishamba cha kuazima. Huenda mazao yake ni machache kuliko ya yale yapandayo, lakini hayo machache yataingia chunguni.

Na iko akiba moja isiyogharimu kitu. Kila unapovuna, mpelekee dada au shangazi aliye kijiji kingine kibaba kimoja cha kila aina yako ya mbegu, naye akupe za kwake. Mkipatwa ninyi, mbegu yenu yaishi kwake. Akipatwa yeye, yake yaishi kwenu. Ghala yaweza kuchomwa, lakini mbegu iliyogawanywa haichomwi yote siku moja.

Tufanye nini basi?

Kwanza, usiiache mbegu ya zamani kwa ajili ya ile mpya. Pima vipande viwili vya ukubwa mmoja, hatua tano kwa tano, kimoja cha mbegu mpya na kimoja cha zamani, ubavu kwa ubavu. Kama shamba lina mtelemko, fanya hivyo mara mbili, juu na chini, kwa kuwa udongo mzuri hutelemkia bondeni. Panda zote siku moja, kwa nafasi moja.

Pili, vuna kila kipande peke yake, kausha, na upime kwa kipimo kimoja kile kile, kikiwa mizani au kopo. Mtoto anayesoma aandike katika daftari: jina la mbegu, tarehe ya kupanda, mvua ilikuwaje, kipimo cha mavuno. Fanya hivyo misimu minne, yaani miaka miwili. Kisha tazama kwanza namba iliyo ndogo kuliko zote ya kila mbegu. Ndipo utazame wastani. Iliyo na namba ndogo inayotosha nyumba yako, tena na wastani mzuri, hiyo ndiyo uipe shamba kubwa.

Tatu, chagua mbegu shambani, si ghalani. Kabla ya kuvuna, tia alama mimea yenye afya na maganda safi. Ganda lenye madoa meusi yaliyobonyea lina ugonjwa ukaao ndani ya punje, nao utarudi nawe shambani msimu ujao. Kausha mbegu vizuri, ichanganye na majivu makavu, iweke katika chombo kifungwacho kabisa, ili fukusi wasiile.

Nne, usipande maharagwe juu ya maharagwe siku zote. Badilisha na mahindi, viazi au mtama, na urudishe udongoni majani na mbolea ya mifugo, ili mizizi isioze.

Tano, nalo ni neno la nyumbani. Baba hutazama soko, kwa sababu karo ya shule yadaiwa kwake. Mama hutazama chungu, kwa sababu watoto humlilia yeye. Wote wawili wana haki. Basi waketi pamoja kabla ya msimu na kukata shauri: sehemu hii ya shamba ni ya kuuza, sehemu ile ni ya kula, na kibuyu hiki cha mbegu hakiuzwi, hata mgeni akija na fedha mkononi, mpaka mama na baba wamekubaliana.

Mvua hatuiamuru. Lakini kuchagua ni mbegu gani itakayoingoja mvua hiyo udongoni, hilo li mikononi mwetu. Anayechagua kwa kuukumbuka msimu mbaya atakula hata msimu mwema. Anayechagua kwa kuukumbuka msimu mwema tu, mbaya utamkuta hana kitu. Daftari si ghali, na Septemba haiko mbali. Anzeni na vipande viwili.